Mlango wa Chuo Kikuu na Mlango wa Kozi



Halmashauri ya Chama ilitutaka sisi watatu tuvisome vitabu vya masharti ya kuingia vyuo vikuu, tuyalinganishe masharti hayo kozi kwa kozi, kisha tuje tuwaeleze wenzetu kwa Kiswahili kifahamikacho. Kazi hiyo tumeifanya, na leo twaileta mbele yenu. Twaomba mtuvumilie, maana habari yenyewe ina hesabu nyingi, na hesabu huwasinzisha watu baada ya chakula cha mchana.

Sababu ya kutakiwa kazi hii yajulikana na wengi humu. Kwetu sisi watumishi wa serikali hakuna gharama ipitayo ile ya kusomesha. Mtu aweza kuvumilia nyumba ya kupanga isiyo na dari, walakini mtoto akifika kidato cha tano, hata kiwanja huuzwa. Na mara kadhaa tumeona mtoto aliyefaulu vizuri, nyumbani wamekwisha kuchinja kuku na jirani wamekwisha kuja kupongeza, kisha kozi aliyoitamani tangu utotoni ikamkataa. Mzazi hudhani pamekuwa na upendeleo ofisini. Mara nyingi hapana upendeleo wowote. Mtoto alifungiwa mlango miaka miwili nyuma, siku ile alipojaza karatasi ya kuchagua tahasusi ya kidato cha tano, na siku ile mzazi hakuwapo, au alikuwapo na akasema, Chagua upendalo mwanangu.

Na tuanze na sharti la jumla, lile ambalo Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania imeliweka kwa kila aombaye shahada ya kwanza kwa cheti cha kidato cha sita. Mwombaji hana budi awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili, na masomo hayo mawili yampatie pointi zisizopungua 4. Pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hizo herufi tano ndizo ziitwazo ufaulu mkuu. Chini yake iko S, ambayo ni ufaulu mdogo na hupewa nusu pointi tu, na F ambayo ni kushindwa. Maneno haya ya ufaulu mkuu na ufaulu mdogo ni ya zamani. Yalikuwamo katika cheti cha juu cha Cambridge walichofanyia mtihani wazee wetu, na yakabaki hata baada ya nchi yetu kuunda Baraza lake la Mitihani mwaka 1973.

Basi mwenye D mbili amefikisha 4. Mwenye C moja na E moja naye amefikisha 4. Hapa ndipo wazazi wengi hufunga kitabu wakafurahi. Lakini sharti lile lina maneno machache yaliyofuata, nayo ndiyo yenye uzito: masomo hayo mawili sharti yawe ni yale yanayotakiwa na kozi inayoombwa. Si masomo mawili yoyote.

Tuchukue mfano. Mtoto amesoma Historia, Jiografia na Uchumi. Historia amepata B, Jiografia S, Uchumi E. Ukijumlisha vyote amepata 5 na nusu, na hata ukiiacha S bado ana 5. Kwa kozi inayokubali Historia na Uchumi, mtoto huyu anaingia katika orodha ya waombaji. Kwa kozi inayotaka Jiografia na Uchumi, hana kitu, kwa kuwa Jiografia yake si ufaulu mkuu, na E peke yake ni pointi 1. Karatasi ya matokeo ni ile ile. Mlango mmoja wafunguka, mwingine wafungwa.

Jambo la pili liwachanganyalo wazazi ni kwamba ziko hesabu mbili, na zaenda kinyume. Baraza la Mitihani linapopanga divisheni, A huhesabiwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, na mwenye jumla ndogo ndiye bora: kuanzia 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Vyuo vikuu huhesabu kwa kupanda: A ni 5, na mwenye jumla kubwa ndiye bora. Kwa hiyo baba akisema kwa majivuno, Binti yangu ana pointi tatu, na mwenzake akajibu, Wangu ana kumi na tano, huenda wote wawili wanasema habari ya A tatu.

Kutokana na hayo twapata jambo ambalo mwanzoni hata sisi lilitustaajabisha. Wawekeni watoto wawili mbele yenu. Wa kwanza amesoma Fizikia, Kemia na Hisabati, akapata B, C na A. Hiyo ni divisheni ya kwanza ya pointi 6, matokeo ya kujivunia. Wa pili amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, akapata D zote tatu. Hiyo ni divisheni ya pili ya pointi 12. Wote wawili wataka udaktari wa binadamu. Sharti la udaktari ni ufaulu mkuu katika masomo matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla ya pointi zisizopungua 6 kwa hesabu ya vyuo. Yule wa D tatu amefikisha 6 barabara, na fomu yake itapokelewa. Yule wa divisheni ya kwanza hana Biolojia kabisa. Fomu yake haitafika hata mahali pa kulinganishwa na ya mwenzake.

Mtu asitusikie vibaya akaenda kumwambia mtoto wake kwamba D tatu zatosha kuwa daktari. Kufikisha kiasi cha chini ni kuruhusiwa kusimama katika mstari. Nafasi za udaktari ni chache, waombaji ni wengi, nao hupangwa kuanzia wenye alama za juu. Katika vyuo vya serikali mstari hukatwa mbali sana juu ya 6. Tunachosema ni kwamba yule mwingine hakuruhusiwa kusimama mstarini, na A yake ya Hisabati haikumsaidia.

Na tuzipitie kozi nyingine kwa mtindo huo. Uhandisi wataka Hisabati ya juu na Fizikia. Basi yule mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, ajapokuwa na A tatu, hawezi kuingia uhandisi wa ujenzi kwa cheti hicho, maana hana Hisabati ya juu. Aliyesoma Fizikia, Jiografia na Hisabati aweza kuomba kozi nyingi za uhandisi, ingawa uhandisi wa kemikali utamdai Kemia. Aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati ana njia pana kuelekea uchumi, takwimu na biashara, lakini uhandisi umemkosa kwa kuwa hakusoma Fizikia. Aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia, tahasusi ambayo watoto wengi huikimbilia kwa kuogopa Fizikia, ameuacha udaktari siku ile ile alipoikimbilia. Hata hivyo kilimo ki wazi kwake, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina kozi nyingi zinazomfaa. Kwa hakika twaona kilimo hudharauliwa bure na wazazi wa mijini.

Masomo ya sanaa yana uhuru zaidi. Sheria, ualimu wa sanaa, sayansi ya siasa, uandishi wa habari na kadhalika hukubali mchanganyiko mpana wa masomo. Walakini hata huko yamo masharti madogo yanayojificha mwisho wa mstari: kozi hii yataka kiwango fulani cha Kiingereza, ile yataka ufaulu wa Hisabati katika kidato cha nne au angalau ufaulu mdogo wa hisabati ya ziada katika kidato cha sita. Kozi za biashara na uchumi hasa hupenda kuuliza habari ya Hisabati. Tumeona watoto wanaosema, Mimi ni mtu wa sanaa, Hisabati nimeitupa, nao wako kidato cha pili. Hawajui kwamba F ile ya kidato cha nne itawafuata.

Liko pia jambo la mwaka wa kumaliza, nalo linawahusu vijana watumishi waliomo humu ndani. Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa herufi nyingine, zenye B+ katikati, na kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Mwaka 2016 utaratibu wa awali ukarudishwa. Kwa hiyo D mbili za mwaka 2013 ni pointi 4, na D mbili za mwaka 2015 ni pointi 2 tu. Ikiwa wewe ni wa darasa hilo, usijipime kwa jedwali la mdogo wako.

Tuliagizwa pia tutazame kwa jirani, kwa kuwa baadhi ya wanachama wana watoto au jamaa wanaosoma Kenya na Uganda, na maswali huja mara kwa mara.

Kenya iliacha kidato cha tano na cha sita ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Chini ya mfumo huo mtoto hufanya mtihani wa kidato cha nne, huhesabiwa masomo saba, A ikiwa pointi 12, na wastani wake ndio humfungulia mlango wa shahada: kiasi cha chini ni C+. Baada ya hapo hutazamwa masomo manne yanayohusiana na kozi, na kwa kuunganisha masomo hayo na jumla ya yale saba hupatikana hesabu ambayo mwisho wake ni 48, na kwa hesabu hiyo waombaji hushindanishwa. Faida yake ni dhahiri. Mtoto amebeba masomo saba hadi mwisho, basi aweza kungoja matokeo ndipo achague kati ya udaktari na uhandisi. Hasara yake nayo ni dhahiri. Mtoto hodari mno wa Hisabati na Fizikia aliyelemewa na lugha na mengineyo aweza kuangukia C ya kawaida, na mlango wa shahada ukafungwa, hali huku kwetu angeacha masomo yaliyomlemea akaendelea na matatu ayapendayo.

Mfumo huo wenyewe umo njiani kuondoka; mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne umepangwa kuwa mwaka 2027. Katika mtaala mpya wa Kenya, mtoto aingiapo sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja katika mitatu: sayansi na hisabati pamoja na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wenzetu basi wameelekea kuchagua mapema kama sisi, tena mapema zaidi. Wazazi wa upande ule watakuwa na shida yetu hii hii, na twafikiri ingewafaa kuuliza kwetu.

Uganda imebaki na kidato cha tano na cha sita kama sisi, nayo yataka ufaulu mkuu katika masomo mawili. Kilichotupendeza ni namna ya kupima. Kwa utaratibu ambao Makerere imeutumia kwa miaka mingi, A ni 6, B ni 5, na kushuka hivyo, kisha kila somo huzidishwa kwa kadiri linavyohusika na kozi. Masomo ya lazima huzidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, yanayofaa kwa 1, na mengineyo kwa nusu. A ya somo la lazima huwa 18, na A ile ile katika somo lisilohusika huwa 3 tu. Mtoto akiliona jedwali hilo, hahitaji hotuba yetu; ameonyeshwa kwa tarakimu kwamba thamani ya alama yategemea mahali anapokwenda nayo. Tena tangu mwaka 1990 wasichana huko Makerere huongezewa pointi moja na nusu, jambo lililowaongeza chuoni, na ambalo wanaume wengine hawajaacha kulinung'unikia.

Mzazi anayetaka mtoto mwenye cheti cha nje aingie chuo cha hapa akumbuke kwamba cheti hicho hupelekwa kwanza kwa Baraza la Mitihani likakipime na kueleza kinalingana na nini. Asingoje mwezi wa kufungua vyuo.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mtu aweza kuuliza kama utaratibu wetu wa kumfunga mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba katika masomo matatu ni wa haki. Sisi watatu hatukukubaliana. Mmoja wetu asema ni haki, kwa sababu chuo kikuu kisichodai msingi imara wa somo humaliza mwaka wa kwanza kikifundisha mambo ya shule. Wawili twaona kuna dhuluma, na dhuluma yenyewe haimo katika kitabu cha Tume bali katika shule. Mtoto aliye katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia tangu kidato cha pili hachagui Kemia, Biolojia na Jiografia kwa kupenda. Amechaguliwa na upungufu. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, zikiwamo za michezo, sanaa, lugha na elimu ya dini, na kuongezwa huko ni kuzuri. Walakini tahasusi mpya yenye jina zuri bila mzazi kujua inaelekea kozi zipi, ni barabara ambayo mtu ameipanda bila kuuliza inakwenda mji gani. Kwa tahasusi mpya ndiyo zaidi, mzazi asome kwanza kozi, ndipo arudi nyuma kwenye tahasusi.

Sasa twawageukia wenyewe watumishi, maana wengine humu hawana mtoto wa kidato cha nne lakini wana nia yao wenyewe.

Mwenye diploma aweza kuomba shahada akiwa na masomo manne aliyofaulu kidato cha nne, kuanzia D, pamoja na wastani wa diploma usiopungua 3.0. Hapa napo yafaa kuangalia uhusiano wa diploma na kozi. Diploma ya utunzaji wa kumbukumbu haitakupeleka kwenye maabara. Aliyepungukiwa aweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako atatakiwa kupata wastani wa 3.0, naye awe tayari na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au sifa nyingine zilizotajwa katika mwongozo. Njia ya tatu ni mtihani wa kutambuliwa ujuzi alioupata mtu kazini.

Njia hii ya tatu vijana huiona ngeni, nayo si ngeni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba mtu asitoke shuleni moja kwa moja akaingia chuo kikuu. Kwanza atumike kazini, kisha aje na ushuhuda wa kazi yake na tabia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kikajaa watu wazima wenye familia, makarani na walimu. Utaratibu huo ulikuja kuondolewa. Hatusemi urudishwe. Twasema tu kwamba palikuwa na wakati ambapo miaka ya kazi ilikuwa sharti la kuingia, na leo imekuwa njia ya pembeni ambayo watumishi wenyewe hawaiulizi.

Juu ya namna ya kuomba, neno moja. Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yote yalipitia kwa Tume. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba chuoni moja kwa moja. Wako watu wanaokaa mjini na kompyuta moja na kuwaombea watoto wa wengine kwa fedha, na baadhi yao hujaza kozi isiyolingana na tahasusi kwa haraka ya kumaliza foleni. Mzazi akae kando ya mtoto anapojaza, na jedwali mkononi.

Kitabu cha mwongozo cha Tume hutolewa upya kila mwaka, na masharti ya kozi moja moja hubadilika. Kwa hiyo tarakimu tulizozisoma hapa zipimwe kwa kitabu cha mwaka ule mtoto anapoomba. Nakala moja iliyochapwa tumemwachia Katibu, pamoja na orodha tuliyoiandika kwa mkono ya tahasusi na kozi zinazofuatana nazo. Yeyote mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne aje kuisoma pale ofisini baada ya saa za kazi. Nakala hiyo haikopeshwi.